Kamera Nayo Ina Kwata Yake

Kila aliyepitia chuo cha mafunzo ya kijeshi au cha polisi anajua kwamba bunduki haimfanyi mtu kuwa askari. Kinachomfanya awe askari ni kwata, nidhamu, na maarifa ya kujua lini afyatue na lini asifyatue. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, askari wa majeshi na wa polisi, habari za chombo kingine ambacho nacho hulengwa, na ambacho mikononi mwa asiyefunzwa huleta madhara makubwa. Chombo hicho ni kamera ya sinema na televisheni. Elimu ya chombo hiki tumechagua kuitazama tukiwa upande wa Tungi, ghuba iliyo kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Wareno huiandika Tungue, na mji wake mkubwa ni Palma, karibu na mto Ruvuma unaoitenga Msumbiji na Tanzania.

Tungi si mahali pageni kwa watu wa pwani yetu. Wakazi wake huzungumza Kimwani, Kimakwe na Kiswahili, na majahazi yake yamekwenda na kurudi kati ya Kilwa, Lindi, Mikindani na Ibo tangu zama za kale. Mwezi wa Februari 1887 manowari za Wareno ziliipiga Tungi kwa mizinga na kuitwaa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, kaskazini yake, na mwaka 1916 Wareno wakaichukua tena. Katika mambo yote hayo, barua na taarifa zilizosomwa Ulaya ziliandikwa na wenye mizinga. Wavuvi walioshuhudia kutoka ufukweni walibaki na masimulizi ya mdomo tu.

Miaka mingi baadaye, tarehe 24 Machi 2021, mji wa Palma ulishambuliwa na wapiganaji wenye silaha, wa kundi lile lililoanza mashambulizi yake Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017. Mawasiliano ya simu yalikatika. Watu walikimbilia Afungi, ulipo mradi wa gesi, wengine wakapanda vyombo kwenda Pemba, na wengine wakaelekea Ruvuma. Kwa siku kadhaa ulimwengu ulitegemea picha za setelaiti na vipande vifupi vya video vilivyopigwa kwa simu. Ni dhahiri basi kwamba swali la nani ajifunze kupiga picha, na ajifunze namna gani, ni swali linalohusu usalama wa watu.

WALIOANZA NA BUNDUKI

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na risasi za kwanza zilifyatuliwa Chai, katika jimbo hilohilo la Cabo Delgado. Viongozi wa FRELIMO walitambua mapema kwamba adui anapigana pia kwa picha. Serikali ya kikoloni ilidai mbele ya ulimwengu kwamba hapakuwa na sehemu zilizokombolewa. Jibu lilikuwa kuzionyesha sehemu hizo. Watengenezaji wa filamu kutoka nje waliingia kwa kupitia Tanzania, miongoni mwao Dragutin Popović wa Yugoslavia, Margaret Dickinson wa Uingereza, na mwanasheria Mmarekani Robert Van Lierop, ambaye aliingia mwaka 1971 na kutoka na filamu iliyoonyeshwa katika mikutano mingi ya kuunga mkono ukombozi.

Hata hivyo wageni huja na kuondoka. Kwa sababu hiyo baadhi ya wapiganaji wenyewe walifundishwa upigaji picha. Camilo de Sousa, kijana wa mji ambao leo unaitwa Maputo, alijiunga na FRELIMO na kupigana Cabo Delgado; baada ya uhuru akawa mmoja wa waongozaji wa filamu wanaojulikana sana nchini mwake.

Mfano kama huo ulionekana Guinea-Bissau. Mwaka 1967 Amílcar Cabral aliwatuma Cuba vijana wanne wa chama chake wakasomee sinema. Wawili kati yao, Sana na N'Hada na Flora Gomes, walirudi vita vikiwa bado vinaendelea, na kamera za vijana hao zilikuwapo uhuru ulipotangazwa katika sehemu zilizokombolewa mwezi wa Septemba 1973. Cabral alikuwa na upungufu wa wapiganaji wenye elimu, lakini hakuona kuwa amepoteza watu wanne.

CHUO KATIKATI YA KAZI

Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, mafundi wengi wa Kireno waliondoka. Mwaka 1976 serikali mpya iliunda Taasisi ya Taifa ya Sinema. Vijana walichukuliwa, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika kamera, wakafundishwa huku wakifanya kazi. Walimu walitoka Brazil, Cuba, Uingereza, Canada na kwingineko. Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji aliyekuwa amejipatia jina kubwa katika sinema ya Brazil, alirudi kusaidia.

Kazi iliyowafunza vijana hao kuliko zote ilikuwa gazeti la sinema lililoitwa Kuxa Kanema. Jina lenyewe limeunganishwa kutoka lugha mbili za nchi hiyo, Kironga na Kimakua, na maana yake ni mapambazuko ya sinema. Kuanzia mwaka 1981 gazeti hilo lilitoka kila juma, kwa muda wa dakika kumi hivi, na magari ya sinema yalilipeleka vijijini.

Inafaa askari waelewe ugumu wa kazi hiyo. Filamu ya milimita 35 hupita katika kamera kwa mwendo wa picha 24 kila sekunde. Ukanda wa mita 120 humalizika kwa dakika nne na nusu hivi, na ukanda huo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo mwanafunzi alifundishwa kuhesabu ukanda wake kama mpiganaji anavyohesabu risasi: atazame kwanza, afikiri, achague mahali pa kusimama, ndipo afyatue. Sauti ilirekodiwa katika mashine ya pembeni, na ubao uligongwa mbele ya kamera ili picha na sauti zipate kuoanishwa baadaye mezani. Mmoja akizembea, kazi ya kikosi kizima huharibika.

Mwaka 1978 Mfaransa Jean Rouch aliendesha mafunzo ya namna nyingine katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Alitumia kamera ndogo za milimita nane. Wanafunzi walipiga picha asubuhi, wakasafisha filamu mchana, wakaiunga, na jioni wakawaonyesha walewale waliopigwa picha. Mkulima au mfanyakazi aliyekuwa mbele ya kamera asubuhi aliweza jioni kusema kama picha ile ni kweli au si kweli.

Mwaka uliofuata, 1979, Ruy Guerra alikwenda Mueda, katika uwanda wa juu wa Cabo Delgado, ambako tarehe 16 Juni 1960 wakoloni waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika. Watu wa Mueda walikuwa na desturi ya kuigiza tukio hilo hadharani kila mwaka. Guerra aliwapiga picha wakiigiza na wakisimulia waliyoyaona kwa macho yao. Filamu hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ndefu ya hadithi katika Msumbiji huru, na imetengenezwa kwa kumbukumbu za wenyeji.

Taasisi hiyo ilipatwa na misiba. Tarehe 19 Oktoba 1986 ndege ya Rais Samora Machel ilianguka Mbuzini, na mpiga picha wake, Daniel Maquinasse, alikufa pamoja naye. Mwezi wa Februari 1991 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo la Taasisi. Kwa bahati njema sehemu ya filamu ilisalimika. Vijana waliofunzwa pale walitawanyika katika televisheni na makampuni, lakini ujuzi wao haukuungua.

ANACHOJIFUNZA MWANAFUNZI

Leo elimu hii inapatikana katika vyuo mbalimbali vya eneo letu. Nairobi ina Chuo cha Mawasiliano ya Umma, kilichoanza mwaka 1961. Bagamoyo ina chuo cha sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Msumbiji nayo ina taasisi ya juu ya sanaa na utamaduni. Ukanda wa filamu umebadilishwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, lakini misingi ni ileile: kuandika muswada, kutumia mwanga, kunasa sauti, kuunga picha, na kujua sheria na maadili ya kazi.

Somo moja tungependa kila askari alijue. Miaka mia moja hivi iliyopita mwalimu Mrusi Lev Kuleshov, wa chuo cha sinema cha Moscow, alichukua picha ya uso wa mwigizaji asiyeonyesha hisia yoyote. Akaiunga na picha ya bakuli la supu, halafu na ya maiti, halafu na ya mwanamke. Watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, kisha huzuni, kisha mapenzi. Uso ulikuwa uleule. Maana ilitoka kwa yule aliyeunga picha.

Anayeelewa somo hilo hadanganywi kwa urahisi. Makundi yenye silaha ya Cabo Delgado yamejipiga picha na kuzisambaza ili wachache waonekane wengi na ushindi wa saa chache uonekane wa kudumu. Aliyesoma kazi hii huuliza: picha hii imekatwa wapi? Kivuli kinaonyesha saa ngapi? Sauti ni ya mahali hapo au imepachikwa? Kabla na baada yake palikuwa na nini? Siku hizi, ambapo mashine za kompyuta zinaweza kubuni uso na sauti ya mtu, maswali hayo yamezidi kuwa ya lazima.

ASKARI NA MWENYE KAMERA WANAPOKUTANA

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Tarehe 5 Januari 2019 mwandishi wa redio ya jamii, Amade Abubacar, alikamatwa Macomia alipokuwa akipiga picha familia zilizokimbia mapigano. Aliwekwa kizuizini, kwanza mikononi mwa wanajeshi, hadi tarehe 23 Aprili mwaka huo. Tarehe 7 Aprili 2020, hapohapo Palma, mtangazaji wa redio ya jamii, Ibraimo Mbaruco, alitoweka alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Ujumbe wake wa mwisho kwa wenzake ulisema kwamba amezungukwa na wanajeshi. Tangu siku hiyo familia yake na wenzake wamekuwa wakiuliza aliko.

Mwezi wa Septemba 2020 ilisambaa video ya watu waliovaa sare za jeshi wakimwua mwanamke asiye na silaha barabarani, karibu na Awasse. Shirika la Amnesty International lilichunguza sare, silaha, lugha na barabara yenyewe, likasema kuwa wauaji ni wanajeshi wa serikali. Wizara ya Ulinzi ya Msumbiji ilisema kwamba picha hizo ni za kutisha na kwamba majeshi hayakubaliani na ukatili. Ilielezwa pia kwamba wapiganaji wa upande wa pili huvaa sare za jeshi ili kuwapotosha watu.

Hatusimulii mambo haya kwa nia ya kuwashushia hadhi askari. Askari wengi, wakiwamo wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha nchi za SADC tangu mwaka 2021 hadi 2024, wamekwenda Cabo Delgado kuwalinda raia. Tunayasimulia kwa sababu heshima ya askari mwema hulindwa na ukweli uliothibitishwa. Pasipokuwa na mpiga picha aliyefunzwa na anayeaminika, mwema na mwovu huvaa sare moja mbele ya watu, na mwananchi hana njia ya kuwatofautisha.

Kwa hiyo pande zote mbili zina wajibu. Mwanafunzi wa televisheni hufundishwa asionyeshe mahali zilipo silaha, idadi ya askari au njia ya msafara, na asioneshe sura ya mtoto au ya mwanamke aliyedhulumiwa ili asimwongezee hatari. Askari aliye kwenye kizuizi naye ajue kwamba mwenye kamera si adui kwa sababu tu ana kamera. Atake kitambulisho, amfikishe kwa mkubwa wake iwapo pana shaka, na jina lake liandikwe kitabuni pamoja na saa na sababu. Mtu aliyeandikwa hapotei hivihivi.

Polisi naye, anapopewa video kama ushahidi, aitunze ile ya asili, katika chombo kilichoirekodi kama inawezekana. Video inayorushwa kutoka simu hadi simu hupunguzwa ubora, na kumbukumbu za lini na wapi ilipigwa aghalabu hufutika. Iandikwe nani aliitoa, nani aliipokea na saa ngapi. Wala isisambazwe kwa marafiki, kwani aliyeuawa ana mama na watoto.

Mwisho tunatoa mapendekezo mawili. Kwanza, maofisa habari wa majeshi na polisi wapelekwe vyuoni wakasome kazi hii pamoja na vijana wa kiraia, wapate kufahamiana kabla hawajakutana barabarani. Pili, vijana wa Tungi wafikiriwe. Maputo iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Palma, ilhali Bagamoyo iko karibu zaidi na lugha yake ni yao pia. Mafunzo mafupi kama yale ya mwaka 1978, ya kupiga picha asubuhi na kuonyesha jioni, yanaweza kufanyika hata chini ya mwembe, na kamera zake leo ziko mifukoni mwa watu. Kijana wa Palma akijua kuieleza Palma kwa ukweli, na askari anayelinda barabara akijua kumwachia afanye kazi yake kwa mujibu wa sheria, wote wawili watakuwa wameilinda nchi.