Somo kwa Redio: Walinzi Wangapi Watazuia Magendo?

Leo tutasoma habari za forodha. Forodha ni mahali ambapo bidhaa zitokazo nchi nyingine hukaguliwa na kulipiwa ushuru. Mtu akizipitisha kwa siri ili asilipe, hayo ndiyo magendo.

Wengi husema, "Waongezwe maofisa, magendo yatakwisha." Haya, shikeni kalamu tupige hesabu. Mpaka wa Tanzania na Kenya, toka Ziwa Viktoria hadi Bahari ya Hindi, una urefu wa kadiri ya kilometa 770. Tuseme kila kilometa iwe na mlinzi mmoja. Mlinzi naye hulala, kwa hiyo tunahitaji watatu wa kupokezana, kila mmoja kwa saa nane. Mara tatu 770 ni 2,310. Wagonjwa na walio likizoni bado hatujawahesabu. Tena, usiku wa kiza porini, mtu mmoja ataona nini katika kilometa nzima? Mwenye punda atampita hatua mia mbili tu, asimsikie.

Tazameni mambo ya Uganda. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni mingi ya Brazili, na bei ya kahawa ikapanda dunia nzima. Lakini mkulima wa Uganda aliuza kwa bodi ya serikali kwa bei ndogo, tena kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani. Ng'ambo, upande wa Kenya, wanunuzi walitoa fedha nzuri. Mwaka 1976 kahawa ikavuka kwa magunia, juu ya punda na vichwani mwa watu, mpaka soko la Chepkube huko Bungoma. Serikali ya Idi Amin iliweka askari na adhabu kali mno. Kahawa haikuacha kuvuka. Mkulima aliijua adhabu, lakini alizijua pia zile bei mbili.

Je, maofisa hawana kazi basi? Wanayo. Wakiwa wachache mno, hata lori la njia kuu litapita bila kufunguliwa. Zamani lori lililotoka Arusha kwenda Nairobi lilikaguliwa Namanga mara mbili, na Watanzania kisha na Wakenya. Kituo cha pamoja kilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Sasa gari husimama mara moja, upande wa nchi linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja hapo. Ofisa aliyeokolewa kazi ya mara ya pili aweza kutumwa kwenye njia za panya.

Na huko atamkuta nani? Mara nyingi ni mama mwenye kikapu cha maharagwe. Katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, mazao ya nchi wanachama hayatozwi ushuru wa forodha yakiwa na cheti cha asili. Mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa zake zimo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti chepesi pale pale mpakani. Vibali vingine, kama cha afya ya mimea, bado vipo. Lakini mama huyu hakuambiwa. Anakimbia ushuru usiokuwapo, kisha anamhonga anayemkamata.

Zoezi. Kwanza: kila mlinzi akipewa kilometa mbili badala ya moja, watahitajika walinzi wangapi? Pili: mwulizeni mchuuzi mmoja wa sokoni kwenu kama amewahi kusikia habari za cheti hicho, mkaandike jibu lake.