Asili ya Jina la Musyoka

Katika nchi ya Wakamba, kuanzia Kalamba karibu na Nzaui, Makueni, hadi Tseikuru kaskazini mwa Kitui, jina la Musyoka limeenea sana, nalo limetokana na kitenzi cha Kikamba kusyoka, yaani kurudi, ambacho kikitanguliwa na kiambishi mu- cha mtu humtaja aliyerudi. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa pia jina la Nzioka.

Musyoka hupewa mtoto aliyezaliwa jamaa aliporejea kutoka mbali, au anayehesabiwa kuwa amemrudisha nyumbani marehemu; na kwa watu waliopeleka pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19, wakiwemo watu wa mfanyabiashara Kivoi wa Kitui aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849, kurudi salama lilikuwa jambo zito la kumbukumbu. Majina mengine ya Kikamba nayo hutokana na hali ya kuzaliwa: Kyalo ni safari, Mutuku ni wa usiku, Kioko ni wa asubuhi, na mvua humpa mvulana jina la Wambua na msichana Syombua. Mwanateolojia John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliandika kwamba mtoto wa Kikamba alipewa jina siku ya tatu, na kesho yake baba akamvika mkufu wa chuma, ndipo akahesabiwa kuwa mtu kamili.

Zamani Musyoka halikuwa jina la ukoo. Mwana wa Musyoka aliitwa, kwa mfano, Mutuku wa Musyoka, na mjukuu akawa Kioko wa Mutuku, isipokuwa yule aliyerithi jina la babu, ambaye kwake Musyoka alirudi kwa kweli. Sheria ya kikoloni ya kipande, yaani cheti cha utambulisho, ya mwaka 1915, pamoja na madaftari ya shule na makanisa, ilizoeza watu kuandika jina la baba, hata katika familia nyingi likaganda.

Kwa hiyo leo Musyoka huweza kuwa jina la msichana ambaye kwa kuzaliwa kwake hakuna aliyerudi popote, na sababu ya kwanza wanaijua wazee peke yao. Wenye jina hilo wawaulize mapema ni nani aliyerudi, na alitoka wapi.