Karte moja ya rezo, milango mingi: namna ya kutenga wateja na mashini ya feza

Tuseme sibere iko na kompyuta moja inayogawa intaneti, na karte moja tu ya rezo. Wateja wanapitia humo, na kompyuta ya kuhesabia feza vilevile. Bila kununua karte ya pili, Linux inaweza kugawa ile moja kuwa milango kadhaa.

Njia ni mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kupa karte adresi mbili ao tatu. Ni rahisi, lakini haitenge mtu: mteja akibadilisha adresi yake, anafika kwenye mashini ya feza.

Ya pili ni VLAN, kufuatana na kanuni 802.1Q ya mwaka 1998. Kila paketi inabeba namba, kati ya 1 na 4094. Kama karte inaitwa eth0, mlango wa 10 unafunguliwa hivi:

ip link add link eth0 name eth0.10 type vlan id 10

Kisha unapewa adresi yake na kuwashwa. Wa 20 vilevile.

Switchi nayo lazima ijue hizo namba. Ile ya kawaida isiyopangika haitatenga kitu. Tena, kompyuta inayogawa intaneti inaweza kupitisha paketi toka mlango mmoja hadi mwingine, basi kuweke sheria za kuzuia. Amri hiyo inapotea mashini ikizimwa. Mipangilio iandikwe mu faili. Na kable ni moja: ikikatika, milango yote inafungwa.