Mjini Kukikaza, Mitundu Ndiyo Inalipa

Wanangu, mwaka 2020 korona ilipoikaba dunia, takwimu za serikali zilisema uchumi wa Tanzania umekua kwa asilimia 4.8, kutoka asilimia 7.0 ya mwaka 2019. Kwa hesabu hiyo hatukudorora, tulipunguza mwendo tu. Sibishani na namba. Ila mwaka huohuo watalii walioingia nchini walishuka kutoka milioni 1.5 hadi laki 6 na ushee. Nyuma ya kila mtalii aliyeghairi safari kulikuwa na mshikaji wa Chuga au Zenji anayebeba mabegi, anayetandika vitanda, anayeuza vinyago. Nyuma ya huyo mshikaji kulikuwa na maza wa kijijini anayesubiri muamala. Ukishuka Itigi kwenye reli ya kati, ukashika barabara ya Rungwa mpaka kwetu Mitundu, hukutani na watalii wakipunga upepo. Ukata wa mwaka ule ulifika hivyohivyo, na uliingilia kwenye simu.

Kwetu mambo yakiyumba kazi haipotei, inakonda. Hakuna ofisa utumishi wa kukupa barua ya kukupunguza, kwa hiyo hakuna anayekuhesabu kama umepunguzwa. Mama ntilie hafungi banda, anakata nyama vipande vidogo zaidi. Fundi cherehani bado kakaa pale pale barazani, ila badala ya kushona nguo mpya anabadilisha zipu na kuweka viraka. Kwenye daftari la takwimu wote hao wana kazi. Nyumbani kwao watu wanapiga pasi ndefu, mlo mmoja mpaka kesho.

Angalia kijiwe cha boda, ndipo utaona vizuri zaidi kazi inavyokonda. Msela aliyekosa mchongo mjini akirudi kitaa, kitu cha kwanza anachokamata ni pikipiki ya mtu. Tuseme hesabu ya tajiri ni buku nane kwa siku. Abiria ni walewale, wanaokwenda zahanati, gulioni na shambani, ila madereva wameongezeka. Hesabu haishuki hata siku ya mvua. Mwana anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafunga saa tatu usiku, akishatoa hesabu na mafuta anabaki na buku mbili, siku nyingine anadaiwa. Akiona mwili umekataa anamwachia deiwaka jioni, na hapo riziki ya mtu mmoja inagawanywa kwa wawili. Agosti 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha mafuta dunia nzima, lita ya petroli ilifika shilingi 3,410 Dar es Salaam, pamoja na ruzuku ya serikali. Huku bara bei inakuwa juu zaidi, maana gharama ya kuyasafirisha mafuta inaongezwa humohumo kwenye lita. Nauli ukiipandisha, bibi anatembea kwa miguu. Usipoipandisha, unakula mtaji.

Alizeti nayo ilitupa somo. Mwaka 2021 serikali iliitaja Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kimkakati ya alizeti, watu wakahamasika, mbegu za ruzuku zikaja, mafuta ya kupikia yalikuwa adimu na bei inalipa. Vijana waliokuwa hawataki hata kusikia habari za jembe wakakodi mashamba. Msimu wa 2023 bei ikaporomoka, mafuta kutoka nje yamejaa sokoni, na kilio cha wakulima wa Singida kikafika mpaka bungeni. Waliokuwa na akiba walifungia magunia stoo wakasubiri. Waliolima kwa mkopo hawakuwa na ubavu huo, kwa sababu mkopo una tarehe na gunia halina. Waliuza hapohapo, wengine kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu na bei ya gunia ni ileile.

Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapopata wateja. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza kuelekea mwisho wa mwaka na kukata Aprili, kwa hiyo Januari ghala limeisha, shamba linataka palizi na watoto wanataka sare na madaftari. Elimu bila malipo tunayo tangu 2016, nashukuru kwa moyo wote, lakini viatu havijawahi kuwa bila malipo. Maza anakopa laki, anaambiwa arudishe laki na thelathini ndani ya mwezi, au anapewa kilo za mahindi leo alipe gunia la alizeti likivunwa. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zisizo na leseni. Hizo taarifa zingebandikwa kwenye kila mti wa mnadani. Mtu anayebebewa godoro na sufuria kwa deni la riba ya asilimia 30 hajui kwamba ana pa kulalamika, na hilo linaniuma kuliko bei ya petroli.

Madingi zetu walishauona ukata wa namna hii. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, nchi ikiwa haina fedha za kigeni, sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni, kuna waliofua kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 ikaja Nguvukazi, vijana wasio na kazi rasmi wakakamatwa Dar es Salaam na kupelekwa mashambani. Leo hakuna anayekamatwa. Dogo anapanda basi mwenyewe, begi moja na sabufa kwenye boksi, na kijiji kinampokea. Anapewa chumba, ugali na kipande cha shamba, na hakuna bajeti ya serikali inayoandika kwamba Mitundu imetoa posho ya ukosefu wa ajira kwa kijana wa mjini. Ndiyo maana nasema sisi ndio tunaolipa. Hata hela ya mjini ilipotumwa tulilipa. Kuanzia tarehe 15 Julai 2021, tozo ya miamala ilimega mpaka buku kumi kwenye muamala mkubwa. Ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba yake, na ya kutuma ikaja kufutwa mwaka 2023. Miaka ile miwili hela ya dawa ya bibi ilifika pungufu.

Badala ya kausha damu kuna mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, iliyosimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha hela zimepigwa, ikarudi mwaka 2024. Haina riba. Nawasihi wanangu wa Itigi nzima, jiungeni kwenye kikundi chenye watu mnaoaminiana, nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, ulizeni kikundi gani kimepata na kwa nini. Mkifanya hivyo kila robo ya mwaka, majina hewa yatapungua.

Na nyie mliobaki Dar, Dodoma, Mwanza, mna kazi moja ambayo haihitaji mtaji. Semeni ukweli kwenye simu. Mshikaji kapigwa chini Juni, mpaka Novemba anamwambia mshua, "mambo safi, nitatuma wiki ijayo." Mshua anaiamini hiyo wiki ijayo, anakopa mbegu na mbolea kwa ahadi yako, anamuahidi mwenye trekta kwa ahadi yako. Ukija kukiri Januari, deni lina miezi miwili na wewe ndiye uliyelisababisha bila kupokea hata senti. Mpigie Oktoba, kabla ya wingu la kwanza. Mwambie: baba, mwaka huu sina, nikipata ni elfu hamsini, usinihesabu zaidi ya hapo. Atakaa kimya kidogo, atauliza kama unakula, halafu ataamua alime ekari mbili badala ya tano na auze mbuzi yupi.