Choki, Stata na Tyubu: Nani Anafanya Nini?

Nyumba nyingi ninazoitwa kutazama taa ya tyubu, mwenye nyumba huwa ameshanunua tyubu mpya. Taa bado haiwaki, kumbe kilichoharibika ni stata, kile kikopo kidogo cha pembeni. Fedha hiyo ingebaki mfukoni kama angejua namna vifaa vitatu vinavyosaidiana.

Ndani ya tyubu hakuna waya unaounganisha ncha na ncha. Mna gesi ya agoni, zebaki kidogo, na kila upande uzi mwembamba wa tangsteni. Gesi ikiwa baridi haipitishi umeme, na volti 230 za ukutani haziiwezi. Hapo stata inaingia kazini. Ndani yake mna kichupa cha gesi chenye ukanda wa metali mbili. Ukibonyeza swichi, kichupa kinang'aa, ukanda unapata joto, unapinda na kugusa mwenzake. Sasa umeme unazunguka kupitia choki na nyuzi zote mbili, nazo zinapata moto na kuanza kutoa elektroni. Stata ikishagusana haing'ai tena; inapoa na kuachia.

Choki ni waya wa shaba uliozungushwa juu ya chuma, na haikubali mkondo ukatwe ghafla. Stata inapoachia, sumaku ya choki inaporomoka na kutoa pigo la mamia ya volti, pengine zaidi ya elfu. Gesi inasalimu amri. Mvuke wa zebaki unatoa mionzi ya urujuanimno, na unga mweupe uliopakwa kwenye kioo unaigeuza kuwa nuru tunayoiona.

Kuanzia hapo stata haina kazi tena. Hata ikichomolewa, taa itaendelea kuwaka. Choki ndiyo haipumziki. Gesi ikishafunguka, mkondo ukiongezeka ukinzani unapungua, na mkondo unazidi kuongezeka. Bila choki, tyubu ingeungua papo hapo. Kwa tyubu ya futi nne ya wati 36, choki inaushika mkondo kwenye ampea 0.43 hivi.

Fundi anayejifunza hushangaa akipima: kwenye tyubu volti kama 103, kwenye choki kama 205. Jumla ni 308, na ukutani ni 230! Mita yake ni nzima. Volti za choki na za tyubu hazifiki kileleni kwa wakati mmoja, kwa hiyo hazijumlishwi kama fedha. Na hapo ndipo ulipo uzuri wa choki: inazuia mkondo huku ikipoteza wati chache tu. Rezista mahali pake ingegeuza zaidi ya nusu ya umeme kuwa joto tupu.

Kwa hiyo itazame taa kabla ya kwenda dukani. Ncha zikiwaka rangi ya chungwa na katikati giza, stata imegandana, badilisha stata. Ikipepesa bila kukoma na ncha zimekuwa nyeusi, tyubu imechoka.

Taa inayopepesa usiiache usiku kucha. Kila stata inapojaribu upya, choki hupitisha mkondo mkubwa kuliko wa kawaida, na hatimaye huungua. Zima swichi, badilisha. Tyubu ya zamani nayo usiivunje wala usiwaachie watoto waichezee: ndani mna zebaki.