Moyo wa Mtoto na Mabingwa Wake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliangalia namna damu inavyozunguka. Leo tuwaangalie wanaoutibu moyo wa mtoto unapokuwa na hitilafu, na kwa nini kazi yao huanzia zahanati za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kabla ya kufika Dar es Salaam.

Takriban watoto 8 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai huwa na hitilafu ya moyo. Iliyozoeleka zaidi ni tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Tundu dogo mara nyingi huziba lenyewe. Kubwa husukuma damu nyingi mno mapafuni: mtoto hunyonya kidogo akachoka, jasho humtoka, uzito hauongezeki. Akiachwa hivyo kwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, na ikishakakamaa kabisa, kuliziba tundu ni kumdhuru. Hapo hata bingwa wa upasuaji hana la kufanya. Jambo hili huniumiza kila ninapolieleza.

Miongoni mwa mabingwa wa moyo wa mtoto alikuwa Dkt. Ami Cohen, aliyeanzisha shirika la Save a Child's Heart nchini Israel mwaka 1995, akafariki dunia mwaka 2001 akipanda Mlima Kilimanjaro. Shirika hilo ndilo lililomsomesha Dkt. Godwin Godfrey, Mtanzania, upasuaji wa moyo wa watoto katika hospitali ya Wolfson, mjini Holon, kwa takriban miaka mitano. Lakini mpasuaji peke yake hafui dafu. Anamhitaji mtaalamu wa usingizi, mtu wa kuendesha mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, na wauguzi wa kukesha na mtoto. Ndiyo maana nazithamini kambi za upasuaji katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako wageni na wenyeji hushika kazi pamoja na timu nzima hujifunza.

Korogwe nayo si mgeni wa ushirikiano wa namna hii: watoto wake walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na watumishi wa hapo wakawafuatilia kwa makini. Umakini huohuo uelekezwe kwenye moyo. Tabibu wa Handeni afundishwe kuusikiliza mvumo usio wa kawaida, na kadi ya kliniki inayoonyesha uzito uliosimama impeleke mtoto kupimwa moyo mapema, badala ya mama kuambiwa tu aongeze uji.

Wiki ijayo: maumivu ya koo yanavyoharibu vali za moyo. Itaendelea.