MAZOEZI YA MGONJWA YASIWE ADHABU

Mtu apatwapo na kiharusi, jamaa zake humkimbiza hospitali, nao waganga hupigania uhai wake. Lakini akisharudi nyumbani, mkono umelegea na mguu waburuta, huanza vita vya pili visivyo na shangwe. Ameagizwa akunje vidole na kuvikunjua, asubuhi na jioni. Juma la kwanza hutii. Juma la tatu huacha. Sisi hatumwiti mvivu. Mazoezi yanayofanana na adhabu hayadumu.

Maradhi haya si mageni kwetu. Uchunguzi wa miaka ya 2003 hadi 2006 ulionyesha kwamba, hesabu zikilinganishwa kwa umri, katika kila watu 100,000 kiharusi kiliwapata kwa mwaka watu 109 wilayani Hai, na watu 316 katika Dar es Salaam.

Ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa kurudia tendo moja mamia ya mara. Walakini watafiti wa Marekani na Kanada walieleza mwaka 2009 kwamba, katika kikao kimoja cha tiba ya mkono, mgonjwa alifanya matendo yenye manufaa mara 32 tu kwa wastani. Ikiwa ndivyo huko kwenye vyombo vingi, je, mkulima wa Kimamba au Kidodi, ambaye kuifikia hospitali ya Kilosa au ile ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, ni safari na nauli, afanyeje? Hana budi kujizoeza nyumbani, na huko msimamizi wake ni hamu yake mwenyewe.

Vyombo vya kuamsha hamu hiyo tunavyo. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mzee akiketi barazani, akachota kete kwa mkono ulio dhaifu na kuzitia moja moja, ataipita hesabu ile bila kujua, kwani moyo wake u katika kumfunga mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba. Na ngoma je? Mwaka 1997 Michael Thaut na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa wagonjwa wa kiharusi waliojifunza kutembea kwa kufuata mapigo walipata mwendo na hatua bora kuliko waliojifunza pasipo mapigo. Nchi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda haikosi mpiga ngoma.

Wapo watakaosema kwamba kumchezesha mtu mzima ni kumvunjia heshima. Hatukubali. Kinachomvunjia heshima ni kulishwa kama mtoto hali mkono wake ungaliweza kujifunza. Basi aachiwe maharage ayachambue, hata akichelewa.

Lakini mchezo una masharti. Mtaalamu wa viungo ndiye auchague na kuupima. Mkono uliolegea usivutwe, maana bega huumia. Anapotembea, mtu asimame upande wake dhaifu. Dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa sababu amechangamka.

Twawaomba wataalamu wetu, kabla ya kuandika idadi ya mazoezi, wamwulize mgonjwa: ulipokuwa mzima, ulipenda kufanya nini? Jibu lake ndilo liwe mwanzo wa tiba.